Vyombo vya Mti na Amana ya Jikoni



Mwezi huu twapenda kunena juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidharau, nalo ni kuvitunza vyombo vya mti. Masika ya mwaka jana, katika ua wa nyumba yetu hapa Tanga, tuliikuta mbuzi ya kukunia nazi aliyotuachia marehemu mama yetu imetupwa juu ya kuni. Kibao chake kilikuwa kimepasuka na kufanya kuvu. Binti yetu akasema, "Baba, hii imekwisha zeeka, bora tuitie motoni." Tukaitazama. Haikuzeeka, ililala nje siku nyingi ikinyeshewa. Nasi tulikuwa tukipita hapo kila siku, basi kosa lilikuwa letu kwanza.

Mti huharibiwa na maji kuliko umri. Ukirowa hufura, ukikauka hunywea. Chombo kikiachwa ndani ya karai usiku kucha, kisha kikaanikwa katika jua kali, upande mmoja hukauka mbele ya mwenzake. Ndipo kinapopinda na kupasuka. Na katika ufa ule chakula hukaa kikaoza.

Yafaa basi mwiko, chano na kibao cha kusukumia chapati vioshwe mara tu baada ya kazi, kwa maji ya moto na sabuni, vipanguswe, kisha visimamishwe kivulini penye upepo. Mbuzi isuguliwe vizuri penye meno ya chuma, maana mabaki ya nazi huchacha upesi. Kinu kilazwe ubavu kisijae mvua, tena juu ya mawe, mchwa wasikifikie. Harufu ya samaki huondolewa kwa chumvi na ndimu. Na kila mwezi, chombo kikiwa kikavu kabisa, kipakwe mafuta ya nazi kidogo, kilale nayo, asubuhi kipanguswe. Hapo maji hayataingia kwa wepesi.

Huenda mtu akasema: ya nini taabu hii, na vibao vya plastiki vimejaa madukani? Twamjibu kwamba mwaka 1994 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitangaza utafiti wao: vijidudu vya maradhi vilivyotiwa juu ya vibao vya mti vilitoweka upesi kuliko juu ya plastiki. Lakini hiyo si ruhusa ya uchafu. Kibao cha nyama mbichi kisiwe ndicho cha mkate.

Dini yetu yatukataza israfu, na israfu si ya chakula peke yake. Wala kazi hii si ya wanawake tu. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akivitengeneza viatu vyake kwa mkono wake, na akiwatumikia watu wa nyumbani kwake.

Mbuzi ile tuliipeleka kwa seremala, akaitia gundi na kuibana. Binti yetu akaipaka mafuta mwenyewe, na Ramadhani iliyofuata ndiyo iliyokuna nazi za muhogo wetu wa futari.

Nanyi vijana, kabla hamjakitia motoni chombo cha wazee wenu, kiosheni, kikausheni, mkitazame tena.

Wabillahi tawfiki.