Kivuli cha Mti wa Miiba



Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, kinasimulia habari ya miti iliyokwenda kujitafutia mfalme. Mzeituni ulikataa, mtini ukakataa, mzabibu nao ukakataa, kwa maana kila mmoja ulikuwa na kazi ya kuwafaa watu. Mti wa miiba, usio na tunda, ulikubali mara moja. Ukaialika miti mingine ikae chini ya kivuli chake. Isipotaka, moto utoke kwake uiteketeze. Yothamu alitoa mfano huo kwa ajili ya Abimeleki, aliyewaua ndugu zake ili atawale.

Tuangalie ujanja wa mti ule. Ulianza kwa kuahidi kivuli, yaani ulinzi. Moto ulikuja baadaye. Kiongozi mwovu mara nyingi hana haja ya sheria mbaya. Humtosha sheria nzuri, iliyotungwa kumkinga mnyonge, mradi yeye ndiye ashike mpini.

Nabothi aliuawa hivyo. Torati ilikataza mtu kuhukumiwa kwa neno la shahidi mmoja, ili asiye na hatia asiangamie. Yezebeli hakukiuka kanuni hiyo, aliitimiza. Aliandika barua kwa muhuri wa mfalme, wakaletwa mashahidi wawili wa uongo, wazee wa mji wakanyamaza. Kwenye utaratibu hakuna kilichopungua. Shamba likawa la Ahabu.

Sisi wa Mkuyuni tunaijua habari hii bila kwenda mbali. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuja na mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru. Neno lilikuwa zuri: kuhifadhi. Lakini watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, na aliyekaidi alitozwa faini au alifungwa. Mahali pengi matuta yalifukia udongo wenye rutuba na kuacha juu ule usiozaa. Mwezi Julai 1955, hapo jirani Matombo, wananchi walikusanyika kupinga. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukafa naye.

Sisemi kwamba udongo usilindwe. Mto Ruvu, unaonywesha hata Dar es Salaam, unaanzia milima hii. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na ni sheria njema. Swali langu ni hili: inapimwa kwa futi moja kwa watu wote? Mama mwenye vitalu vya mchicha akifyekewa, na mwenye gari akaachwa na shamba lake kubwa papo hapo mtoni, hapo kivuli kimekwisha kuwa moto. Na faini isiyo na risiti haijalinda mto wowote.

Ndugu msomaji, tusiwalaumu akina Yezebeli peke yao. Wale wazee wa mji walijua ukweli. Mkutano mkuu wa kijiji unapoitishwa, nenda. Dai kusomewa mapato na matumizi. Ukiombwa uwe shahidi wa jambo usiloliona, kataa, hata kama anayekuomba ni mwenyekiti au mlezi wa kwaya yako.

Nawe kiongozi unayesoma haya, usikate tamaa. Kijiji chetu kinabeba jina la mkuyu, mti aliopanda Zakayo. Naye alikuwa na mamlaka ya serikali mkononi, akayatumia kujitajirisha. Bwana alipomwita hakujitetea kwa vifungu wala hakuunda kamati. Alishuka, akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Kushuka kunawezekana. Nawatakia Dominika njema.