Msiipunguze Magnolia

Wapenzi wa filamu za Paul Thomas Anderson hukubaliana juu ya mengi, lakini ikitajwa Magnolia hawaelewani. Filamu hiyo ilitoka Desemba 1999, ina dakika 188, na inafuata watu karibu kumi kwa siku moja ya mvua katika bonde la San Fernando, Los Angeles. Ingmar Bergman, gwiji wa Sweden, aliitaja kuwa miongoni mwa kazi zilizomwonyesha nguvu ya sinema ya Marekani. Kevin Smith, mwongozaji wa rika la Anderson mwenyewe, aliiponda hadharani bila kumung'unya maneno. Berlin iliipa Dubu wa Dhahabu mwaka 2000. Oscar iliiteua mara tatu na kuiacha mikono mitupu. Kati ya wanaoiabudu na wanaoichukia kuna kundi la tatu, nalo ndilo ninalotaka kubishana nalo, kwa sababu hoja yake inasikika ya busara: kwamba Magnolia ni kazi ya kijana mwenye kipaji asiyejua kukata, na kwamba Anderson wa kweli alianza mwaka 2007 na There Will Be Blood, alipojifunza kumtazama mtu mmoja kwa utulivu. Kundi hili linauchukulia wingi wa wahusika kama utundu wa ujana. Mimi nauona kuwa ndiyo hoja yenyewe ya filamu. Anderson alitaka kuonyesha kwamba kosa la mzazi halikai kwa mzazi, na jambo hilo haliwezi kuonyeshwa kwa kumfuata mtu mmoja.

Anza na wazee wawili. Earl Partridge, anayeigizwa na Jason Robards, ni mtayarishaji tajiri wa vipindi vya televisheni anayekufa kwa saratani nyumbani kwake. Jimmy Gator, anayeigizwa na Philip Baker Hall, ni mtangazaji wa muda mrefu wa mashindano ya chemsha bongo ya watoto, kipindi kinachotoka katika kampuni ya Earl, naye pia ana saratani. Wote wawili waliwasaliti wake zao. Wote wawili wana mtoto mkubwa asiyetaka kuwaona. Mtazamaji asiye na subira atauliza kwa nini tuwe na wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja, wenye kazi zinazofanana na dhambi zinazofanana. Jibu linakuja polepole, tena halisemwi na mtu yeyote ndani ya filamu. Earl, akiwa hoi kwa maumivu, anamsimulia muuguzi wake namna alivyomkimbia mkewe wa kwanza alipokuwa mgonjwa, akamwachia mtoto wa miaka 14 kazi ya kumuuguza mama hadi kifo. Halaumu ulevi, halaumu ujana, hajitetei. Jimmy anapoulizwa na mkewe Rose kama alimdhulumu binti yao Claudia kingono, anajibu kwamba hajui. Ndipo Rose anapoondoka na kumwacha peke yake. Tungempata Earl tu, filamu ingekuwa machozi ya mzee anayeomba radhi. Tungempata Jimmy tu, ingekuwa hukumu. Tukiwapata wote kwa siku moja tunalazimika kupima, na kipimo ni kama mtu amekubali kulitaja jina la alichokifanya. Anderson hatuambii kwamba kila baba asamehewe. Wanaomshutumu kwa kulia sana hawajaangalia ni nani anayeachwa bila wa kumlilia.

Upande wa watoto mpango huohuo unaonekana wazi zaidi. Stanley, mtoto mwenye akili nyingi, anachezeshwa chemsha bongo na baba anayehesabu fedha za ushindi, na hata ruhusa ya kwenda msalani hapewi wakati kipindi kiko hewani. Donnie Smith, anayeigizwa na William H. Macy, alikuwa bingwa wa kipindi hichohicho utotoni; sasa ni mtu mzima aliyefukuzwa kazi, na fedha zake za ushindi wazazi wake walishazila. Haya ni maisha ya mtu mmoja yaliyokatwa vipande viwili na kuwekwa bega kwa bega. Mwongozaji mwingine angetumia maandishi ya "miaka thelathini baadaye". Anderson anatuonyesha mbegu na mti kwa wakati mmoja, kisha anatuachia swali kama Stanley atakua kuwa Donnie. Na yupo Frank Mackey, yule mtoto wa miaka 14 aliyemzika mama, ambaye amelikana jina la baba yake na kujitajirisha kwa semina za kuwafundisha wanaume namna ya kuwanasa na kuwatawala wanawake. Tom Cruise hakuwahi kufanya kazi bora kuliko hii, na nadhani sababu ni kwamba mwongozaji aliyachukua majivuno yote ya nyota huyo akayafanya dalili ya ugonjwa. Kilichoanza kama baba kukimbia kitanda cha mgonjwa sasa kinafundishwa kwa kiingilio ukumbini, na wanaume wanashangilia. Tungeliona vipi hilo kama kamera ingebaki chumbani kwa Earl?

Wapo wanaosema kwamba yote haya yalikwisha kufanywa na Robert Altman, tena vizuri zaidi. Deni lipo na Anderson hajawahi kulificha. Nashville ya mwaka 1975 ina wahusika 24. Short Cuts ya mwaka 1993 inatawanya familia nyingi katika Los Angeles hiyohiyo, na Julianne Moore yumo katika Short Cuts kama alivyo katika Magnolia. Altman alipotengeneza filamu yake ya mwisho akiwa na umri wa miaka 80, Anderson ndiye aliyekuwa pembeni kama mwongozaji wa akiba kwa matakwa ya bima, na There Will Be Blood imetolewa kwa heshima yake. Lakini kuazima umbo si kuazima maana. Altman huwatazama watu wake kwa umbali, kwa jicho la mtu aliyeketi barazani akicheka kimyakimya. Tetemeko la ardhi linalokaribia kuifunga Short Cuts linapita, mauaji yanafichika ndani yake, na watu wanarudi kwenye vinywaji vyao. Anderson hana umbali huo. Alikuwa na miaka 29, na baba yake, Ernie Anderson, aliyekuwa mtangazaji wa televisheni, alikufa kwa saratani mwaka 1997. Sitaki kuigeuza filamu kuwa wasifu, ila mtu akijua hilo hatashangaa kwamba kitanda cha mgonjwa hapa hakitazamwi kwa kejeli. Muuguzi Phil, anayeigizwa na Philip Seymour Hoffman, anapiga simu hii na ile akimtafuta mtoto wa Earl, na anamwambia mtu wa upande wa pili kwamba anajua jambo hili linafanana na yale ya kwenye filamu. Altman angemcheka. Anderson anataka simu ipokelewe.

Kisha kuna vyura. Karibu na mwisho vyura wananyesha kutoka mbinguni, maelfu kwa maelfu, wakipasua vioo vya magari na paa za nyumba, na hapo ndipo watazamaji wengi huipa filamu kisogo. Wanasema ni mwandishi aliyekwama akaamua kutupa muujiza. Lakini tangu dakika za mwanzo filamu imetapakaza tarakimu 8 na 2 kwenye mabango, kwenye utabiri wa hewa na kwenye kuta, na anayefungua Kutoka sura ya 8 aya ya 2 atakuta onyo la pigo la vyura kwa Farao asiyetaka kuwaachia watu waende. Neno "kuwaachia" ni zito katika filamu yenye wazazi hawa. Zaidi ya hapo, tazama vyura wanafanya nini hasa. Mmoja anavunja kioo cha paa na kuigonga bastola ya Jimmy wakati anataka kujiua, hivyo kifo cha haraka ananyimwa. Wengine wanamwangusha Donnie kutoka kwenye nguzo aliyoipanda ili aingie kurudisha fedha alizoiba, na polisi Jim anamwokota badala ya kumkamata. Haiwezekani kuiita mvua hiyo suluhisho, maana haikusuluhisha chochote. Saratani ipo palepale, na Claudia bado ni mraibu wa dawa za kulevya. Inachofanya ni kuwasimamisha wote kwa pamoja, dakika chache, wasiendelee na walichokuwa wanakifanya. Linganisha na Crash ya Paul Haggis, filamu nyingine ya watu wengi Los Angeles, iliyopewa Oscar ya filamu bora mwaka 2006. Pale wahusika wanakutanishwa kwa nguvu, polisi aliyemdhalilisha mwanamke ndiye anayetokea kumwokoa kesho yake, na kila mkutano unatoa somo. Katika Magnolia wengi hawakutani kabisa. Wanachoshiriki ni hali ya hewa na urithi.

Nikirudi kwa wale wanaompenda Anderson wa baadaye, siwanyimi haki yao. The Master na Phantom Thread ni kazi za mkono uliokomaa, na Daniel Plainview wa There Will Be Blood atakumbukwa muda mrefu. Lakini Plainview ni jitu. Uovu wake ni mkubwa kiasi kwamba mtazamaji anaweza kuutazama kama anavyotazama mlima, kwa mshangao na kwa usalama, akijua kwamba yeye si tajiri wa mafuta na hajawahi kumpiga mtu kwa gongo la mchezo. Hata mwanawe H.W., anayemtupa na kumkana, tunamwona kwa macho ya baba zaidi kuliko kwa yake mwenyewe. Magnolia hainyimi watoto macho yao. Wala swali la mzazi na mtoto halikumtoka Anderson kichwani: One Battle After Another, ya mwaka 2025, ni habari ya baba aliyechoka anayehangaika kumfikia binti yake kabla hawajachelewa wote wawili. Anayesema mwongozaji huyu alizaliwa upya mwaka 2007 inabidi aeleze kwa nini anarudi kwenye mlango uleule.

Imebaki hoja ngumu kuliko zote, kwa sababu imetoka kwa mwenyewe. Miaka mingi baadaye Anderson alisema kwamba angeweza kujishauri ujanani, angejiambia atulie na akate dakika 20. Basi tuseme tunazikata. Wengi wangeanza na Donnie, hasa zile nyakati za baa. Lakini ukimtoa Donnie, Stanley anabaki mtoto mnyonge tu, hana mustakabali unaotutisha. Wengine wangekata kipande ambacho karibu wahusika wote wakuu, kila mmoja mahali pake, wanaimba wimbo mmoja wa Aimee Mann. Kipande hicho kinaaibisha kidogo, nakubali, na nimesikia watu wakicheka. Hata hivyo ndicho pekee kinachotuambia wazi kwamba watu hawa wasiojuana wako ndani ya jambo moja. Kuna mahali ambapo Anderson alikata kweli, nako ni kwenye kisa cha Dixon, mvulana mweusi anayemwimbia polisi Jim dokezo la mauaji na hakuna anayemsikiliza. Mauaji hayo yanahusu familia pia, na mtu anayeitwa Worm, ambaye mvulana anamtaja kwa hofu, aliigizwa na Orlando Jones kisha sehemu yake ikaondolewa. Matokeo yake, nyumba pekee ya watu weusi katika filamu nzima ndiyo ambayo hatuambiwi baba alifanya nini wala mtoto alirithi nini. Dixon anabaki na kazi ya kumwitia gari la wagonjwa mwanamke wa kizungu aliyezimia, baada ya kuchukua fedha zake. Wahakiki waliolalamika kwamba hapo filamu haikutenda haki wako sahihi kabisa, nami sina utetezi. Ila dawa ya dosari hiyo ilikuwa kurudisha kilichotolewa, na filamu ingekaribia saa tatu na nusu.