Kumbukumbu za Viumbe Zisifungiwe Kabatini

Kwa miaka mingi mtaalamu wa Kitanzania aliyechuma jani asilolijua katika misitu ya Usambara hakuweza kuimaliza kazi yake hapa nchini. Ili ajue kama mmea ule umekwisha kupewa jina au bado ni mgeni kwa sayansi, ilimbidi aulinganishe na sampuli ya kwanza, yaani ule mmea mkavu uliobandikwa kwenye karatasi siku jina lilipotolewa. Mara nyingi sampuli hiyo ilikuwa London au Berlin. Basi kabla ya kulisoma jani la nyumbani kwake, alitakiwa kwanza kuomba fedha, kisha viza, kisha ruhusa ya kufunguliwa kabati.

Hali hiyo haikutokea kwa bahati. Wakoloni wa Kijerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti huko Amani mwaka 1902, wachumaji wao walikuwa wamekwisha kuipita milima ya nchi hii kwa miaka kumi na zaidi, na mavuno yao yalikuwa yakipakiwa melini kwenda Ujerumani. Waingereza waliopokea utawala hawakuiacha desturi hiyo. Walibadili bandari tu. Mwaka 1950 hata mkusanyo wa mimea mikavu uliokuwa umebaki Amani ulihamishiwa Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977 ukabaki huko huko. Bustani ya Kew, jijini London, ina sampuli za mimea zaidi ya milioni 7 kutoka kila pembe ya dunia. Kazi kubwa ya kueleza mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, ambayo vitabu vyake vilianza kutolewa mwaka 1952, ilikamilika mwaka 2012 ikiwa imeeleza aina zaidi ya 12,000, nayo ilisimamiwa kutoka Kew hiyo hiyo.

Hakuna anayetazamia kwamba mamilioni hayo ya karatasi yatapakiwa tena melini na kurudishwa Tanga. Linalodaiwa, na ambalo dunia ya leo haina kisingizio cha kulikataa, ni habari zilizomo.

Mwananchi anaweza kuuliza jani kavu lina faida gani kwa mkulima wa Lushoto. Jibu limo kwenye kile kikaratasi kilichobandikwa pembeni mwa sampuli. Kimeandikwa mmea ulichumwa wapi, lini, na nani, na katika kimo gani kutoka usawa wa bahari. Karatasi moja haisemi mengi. Karatasi elfu hamsini zikisomwa pamoja huonyesha msitu ulikuwa umefika wapi kabla ya mashamba ya walowezi, kama mmea uliokuwa ukiota bondeni umeanza kupanda mlima kwa ajili ya joto, na kama ndugu wa porini wa mtama au wa kunde, ambao damu yao yaweza kuhitajiwa siku ya ukame, bado wapo au wamekwisha. Mganga wa mimea, mfuga nyuki na bwana shamba wote wanahusika hapo, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona karatasi hiyo.

Hasara ya kurundika ujuzi wa dunia mahali pamoja ilionekana usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliliangukia jumba la mimea la Dahlem, Berlin, na sehemu kubwa ya sampuli zake, zilizokadiriwa kuwa milioni 4, ikateketea. Humo ilikuwamo mimea mingi ya Tanganyika, pamoja na sampuli za kwanza ambazo haziwezi kupatikana tena. Zilizonusurika kwa sayansi ni zile ambazo nakala zake zilikuwa zimekwisha kugawiwa kwa hifadhi nyingine. Kile ambacho Wajerumani walikuwa wametoa kwa wenzao ndicho kilichowabakia. Tarehe 2 Septemba 2018 Jumba la Makumbusho la Taifa la Brazil, mjini Rio de Janeiro, nalo liliungua, na likafundisha somo lile lile kwa watu waliodhani kwamba moto ni jambo la wakati wa vita.

Kwa bahati njema njia ya kugawana imekwisha kutengenezwa. Mwaka 2001 serikali za nchi kadhaa ziliunda chombo cha kimataifa cha kushirikiana habari za viumbe, kijulikanacho kwa kifupi GBIF, chenye makao yake makuu Copenhagen, Denmark. Chombo hicho hakichukui sampuli ya mtu. Kila hifadhi hubaki na mali yake, bali huziweka kumbukumbu zake mahali ambapo mwanafunzi wa Mbeya aweza kuzisoma kwa simu bila kulipia, sawa na profesa wa Paris. Kumbukumbu hizo zilivuka bilioni moja mwaka 2018 na bilioni mbili mwaka 2022. Tanzania ni mshiriki, na kitengo chake kimo ndani ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, Dar es Salaam. Brazil ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2010 ilianza mpango wa kuzidai Kew na Makumbusho ya Paris picha na maelezo ya mimea ya Kibrazili iliyochukuliwa katika karne zilizopita, na ikazipata.

Wingi huo lakini usimpumbaze mtu. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo ni za ndege, na zimetoka Marekani ya Kaskazini na Ulaya. Shomoro wa bustani za Ulaya ameandikwa mara nyingi kuliko msitu mzima wa Udzungwa.

Wako wananchi, na miongoni mwao wasomi, wanaoutazama mpango huu kwa wasiwasi. Wanasema kwamba mwizi wa jana amerudi, safari hii amebeba kompyuta, na kwamba kuorodhesha mali ya nchi mbele ya mataifa tajiri ni kumwonyesha mgeni stoo ilipo. Hoja hiyo ina uzito wake na haifai kubezwa. Ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo Ulaya na Marekani huuzwa kila mahali ndani ya vyungu vya madirishani, lilipelekwa Ujerumani na mkuu wa kikoloni wa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, na mwaka 1893 likapewa jina la ukoo wake. Mkataba wa kimataifa unaotambua kwamba nchi ina haki juu ya viumbe vyake ulikuja mwaka 1992, karne moja baadaye.

Hata hivyo hoja hiyo ikichunguzwa vizuri inaelekea upande mwingine. Baroni hakuhitaji takwimu za wazi ili alichukue ua. Alihitaji bunduki za dola lake na meli. Tajiri mwenye ndege, maabara na mawakili hata leo hazuiwi na kabati lililofungwa, kwani akikosa mlango atapita dirishani. Anayezuiwa ni mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Sokoine, ni ofisa misitu wa Kilolo, ni mwanafunzi asiye na nauli ya kwenda London. Kuficha kunamlinda nani, basi?

Palipo na unyonyaji wa kweli, dawa yake ni malipo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, iliweka msingi wa kugawana faida. Mwaka 2024, katika mkutano wa Cali, Colombia, mataifa yalikubaliana kuunda mfuko ambao makampuni ya dawa, vipodozi na mbegu yanayotumia maelezo ya vinasaba vya viumbe yatatazamiwa kuuchangia, kwa kipimo cha asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na nusu ya fedha hizo iwaendee watu wa asili na jamii za mahali. Mfuko huo ulizinduliwa Roma Februari 2025. Una kasoro kubwa: mchango ni wa hiari, na historia haijaonyesha mifano mingi ya mabepari waliokimbilia kulipa deni lisilo na tarehe. Hapo ndipo nchi zinazoendelea zinapopaswa kusimama pamoja na kupiga kelele. Kelele hizo zitakuwa na nguvu iwapo nchi yenyewe inaweza kuonyesha, kwa maandishi, kiumbe gani kilitoka bonde gani.

Na sasa yafaa kuangalia makabati ya hapa nyumbani.

Mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi katika milima ya Udzungwa ukiwa umekwisha kuanza, wataalamu waliokuwa wakichunguza korongo la mto huo walikuta chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyetimiza sentimita tatu, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto. Maelezo yake ya kisayansi, ambayo Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mmoja wa waandishi wake, yalitolewa mwaka 1999. Chura huyo hakuwa akijulikana mahali pengine popote duniani. Makazi yake yote yalikuwa kama hekta mbili za majani yaliyoloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji yaligeuzwa kwenda kwenye mitambo ya megawati 180, na manyunyu yakakauka. Vikawekwa vinyunyizio vya mabomba, navyo vikasaidia kwa muda. Lakini mwaka 2003 ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi za vyura ulionekana korongoni, idadi yao ikaporomoka, na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba chura wa Kihansi hayupo tena porini.

Kilichomwokoa ni ushirikiano wa kimataifa. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, wakalelewa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 baadhi ya wazao wao walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao.

Umeme wa Kihansi ulihitajika, wala hakuna sababu ya kuomba radhi kwa taa zilizowaka. Lakini ilikuwa ikifahamika kwa wataalamu wa vyura kwamba milima hii, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, ina viumbe visivyopatikana kwingine, na kwamba korongo moja laweza kuwa na chake chenyewe. Ujuzi huo ulikuwa umetawanyika katika madroo ya makumbusho na vichwani mwa watu wachache. Mhandisi aliyechora bwawa hakuwa na mahali pamoja pa kuuliza. Angalipata jibu kabla saruji haijamwagwa, mfereji wa kuacha maji kidogo ya manyunyu ungalikuwa mstari mmoja zaidi kwenye ramani yake. Lilipokuja jibu, lilikuja na gharama ya ndege, mabomba na miaka.

Tangu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, miradi mikubwa hufanyiwa kwanza tathmini ya athari zake. Watu hulipwa kwenda porini, huandika ndege, mimea na vyura waliowaona, na orodha zao huingia kwenye jalada. Mradi ukipitishwa jalada hulala. Mtaalamu atakayetumwa bonde la pili baada ya miaka mitano ataanza upya, kwa fedha nyingine za umma, kana kwamba hakuna aliyewahi kufika. Ni hivyo hivyo kwa tasnifu za wanafunzi vyuoni, ambazo baadhi zina kumbukumbu za misitu iliyokwisha kufyekwa. Wako pia maofisa wanaodhani takwimu walizokusanya wakiwa kazini, kwa mshahara na gari la serikali, ni mtaji wao binafsi, wakazikalia kama kuku aatamiaye mayai viza.

Kusema hivyo si kusema kila kitu kiwekwe hadharani. Mahali alipo faru hapatangazwi, na mpango wenyewe wa kimataifa unaruhusu kumbukumbu za viumbe vinavyowindwa zifichwe au zitolewe kwa ujumla tu. Siri ya aina hiyo inamlinda faru. Siri inayoandikwa juu ya orodha ya nyasi za bonde la Kilombero inalinda uvivu.

Magugu, kwa upande wao, hayaombi viza. Magugu maji yaliyolivamia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 yalikuwa yakisukumwa ziwani na mto Kagera kutoka Rwanda, na yaliziba bandari za Uganda, Kenya na Tanzania bila kubagua. Fukusi waliofugwa na kuachiliwa kuyala katika miaka ya 1990 walifahamika kutokana na utafiti wa Amerika ya Kusini, kwenye asili ya mmea huo. Mbu wa malaria kutoka Asia, Anopheles stephensi, anayependa kuzaliana katika mapipa ya maji ya mijini, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012 na Ethiopia mwaka 2016, na baadaye akafika Kenya. Mganga mkuu wa mkoa wa Tanga anahitaji kujua mbu huyo ameonekana wapi wiki hii, si kusoma habari hizo katika kitabu miaka mitatu baadaye.

Kwa hiyo liko jambo moja ambalo laweza kufanywa bila kungoja msaada wa mtu. Tume ya Sayansi na Teknolojia ndiyo inayotoa vibali vya utafiti, na ndiyo hiyo hiyo inayokihifadhi kitengo cha Tanzania katika mpango huu wa dunia. Meza mbili hizo zimo katika nyumba moja. Mtafiti, awe wa Uppsala au wa Ubungo, anayerudi kuomba kibali cha safari ya pili aulizwe kwanza kumbukumbu za safari ya kwanza ziko wapi, na aonyeshe. Na majina ya wanakijiji waliomwongoza porini na kumtajia mimea kwa Kisambaa au Kihehe yawe yameandikwa kwenye kikaratasi, pamoja na lake.