Ifungueni Hiyo Kanga

Mtoto ana wiki tatu. Amelazwa juu ya miguu ya bibi aliyeketi mkekani, mwili unang'aa mafuta ya nazi. Bibi anashika vifundo vya miguu, anavuta mpaka magoti yanyooke, kisha anazungusha kanga kuanzia mapajani hadi nyayoni na kukaza fundo. Mtoto analia mpaka sauti inamkauka. "Usimwonee huruma," mama anaambiwa. "Asiponyooshwa sasa atakuwa na matege."

Nimeyaona haya katika nyumba nyingi, yetu ikiwemo. Yana madhara, tuyaache.

Karibu kila mtoto huzaliwa na matege. Tumboni alikuwa amejikunja, miguu imepishana, na mifupa ikafuata nafasi iliyokuwepo. Akishasimama na kutembea, miguu hunyooka yenyewe, mara nyingi kufikia miaka 2. Kwenye miaka 3 au 4 magoti huingia ndani hata kugusana, na kufikia miaka 7 hivi miguu imetulia. Anayesema "wangu niliwakanda wakanyooka" amtazame na mtoto wa jirani, ambaye hakukandwa na amenyooka vilevile. Jogoo awike asiwike, kutakucha.

Mbeleko nayo inasingiziwa kuleta matege. Mtoto akiwa mgongoni, mapaja yametanuka na magoti yamekunjwa, na huo ndio mkao unaoitunza nyonga yake. Kanga ya kubana inafanya kinyume. Wajapani nao walikuwa na desturi ya kuwafunga watoto wachanga miguu ikiwa imenyooshwa. Mwaka 1975 ilianza kampeni ya nchi nzima ya kuiacha, na watoto wenye nyonga zilizoteguka wakapungua sana.

Kinachoniuma zaidi ni lawama. Mtoto wa mwaka mmoja akipita na miguu yake ya upinde, macho yanamgeukia mama: hakumkanda huyu, alimsimamisha mapema, amembemenda. Mama anaona aibu, anamvalisha mwanawe suruali ndefu. Na yule ambaye mwanawe anaumwa kweli anamficha vivyo hivyo, miezi inapita.

Maana matege ya ugonjwa yapo. Mguu mmoja umepinda kuliko mwenzake, matege yanazidi baada ya miaka 2, vifundo vya mikono vimevimba, mtoto anachechemea au amedumaa: huyo apelekwe hospitali wiki hiyohiyo. Huenda amekosa vitamini D kwa kufungiwa ndani bila jua, au kalsiamu kwa kulishwa uji mtupu, bila maziwa wala dagaa. Huko Maji ya Chai, mkoani Arusha, watoto wamepinda miguu kwa floraidi iliyozidi kwenye maji, na magadi ya kulainishia maharage na makande huiongeza. Mama wa pale hata angekanda asubuhi na jioni, mtoto angeendelea kupinda maadamu anakunywa maji yaleyale. Ndiyo maana kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimeshughulika na vichujio vya makaa ya mifupa, vinavyoipunguza floraidi hiyo.

Bibi, mjukuu mwogeshe, mpake mafuta, umpapase na kumwimbia. Mikono yako inamtuliza kuliko yetu sote. Ila kanga hiyo ifungue miguuni, umbebe mgongoni.