Maji ya Karanga
Kambi ya Barafu, iliyo zaidi ya mita 4,600 juu Kilimanjaro, haina maji. Wapandaji wa njia ya Machame hupumzika hapo kabla ya kukiendea kilele usiku wa manane, na wengi hunywa chai yao bila kuuliza maji yametoka wapi. Yametoka bonde la Karanga, mabegani mwa wagumu, yaani wapagazi wa mlimani. Mzigo wa mgumu una kikomo, kilo 20, na mizani ipo getini. Ila nikisikiliza masimulizi ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, shujaa ni msimuliaji peke yake. Aliyemtangulia kambini akamsimamishia hema hutajwa mwishoni kabisa, zikigawanywa bahasha za bakshishi.