Dereva asipofunzwa, hasara ni ya mkulima

Mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, huhangaika miezi kadhaa na mbegu, mbolea na dawa. Lakini tenga la mwisho likishapakiwa kwenda Dar es Salaam, jasho lake lote huwa mikononi mwa dereva wa lori.

Safari hiyo hupita mteremko wa Kitonga, na hapo ndipo mafunzo hujulikana. Dereva aliyefunzwa huweka gia nzito kabla ya kuanza kuteremka, akaiacha injini izuie kasi na kugusa breki kwa vipindi. Asiyefunzwa hukanyaga breki mfululizo hadi zinapata moto na kushindwa kushika. Mwingine hutoa gia kabisa ili abane mafuta.

Madereva wengi wa malori walianza wakiwa utingo. Njia hiyo ina manufaa yake, kwani uzoefu wa barabara haupatikani darasani. Hata hivyo, utingo hurithi pia makosa ya dereva wake, na leseni ya daraja E haiyafuti. Mafunzo yapo, yakiwamo ya Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) na VETA. Kinachokosekana ni wamiliki wa malori walio tayari kulipa ada na kumpa dereva nafasi ya kusoma.

Lawama si za dereva peke yake. Anayelipwa kwa idadi ya safari hushawishika kuendesha usiku na mchana bila kulala. Mfanyabiashara wa viazi naye hufunga lumbesa, hivyo dereva hajui amebeba tani ngapi mpaka afike kwenye mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kila gunia lililozidi huongeza kazi ya breki mteremkoni.

Wakati umefika kwa wenye mizigo kuacha kuuliza nauli tu. Kabla ya kupakia, waulize dereva amefunzwa wapi, atapumzika wapi, na mzigo una bima gani, kwani bima ndogo ya gari hailipi nyanya zilizomwagika. Wakikataa lori lenye dereva wa kubahatisha, mmiliki atampeleka dereva wake chuo. Nauli nafuu haina maana kama mzigo haufiki sokoni.