Dhahabu ya Tabora Haipimwi kwa Mizani Peke Yake

Wako miongoni mwetu watu ambao, wakionyeshwa sarafu kuukuu ya dhahabu, huwa na swali moja tu: "Ina uzito gani?" Kwao sarafu ni kipande cha madini kinachongoja kuyeyushwa kiwe hereni. Fikira hiyo naipinga, na nitaipinga kwa ushahidi wa sarafu iliyozaliwa katika nchi yetu wenyewe: rupia kumi na tano za Tabora za mwaka 1916.

Wakati huo Wajerumani walikuwa wamezibiwa bahari na manowari za Waingereza, na fedha imewaadimikia. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko Iramba, wakapiga sarafu katika karakana ya reli mjini Tabora. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000. Mwezi Septemba mji ukatekwa na majeshi ya Wabelgiji. Upande mmoja una tai wa Dola ya Kijerumani. Upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima.

Tuanze na mizani, maadamu ndiyo anayoiamini sonara. Sarafu hii ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake ni dhahabu safi. Yaani dhahabu isiyofika gramu tano na nusu. Hapo sonara hukomea, akalipa. Lakini wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huilipia mara kadhaa ya bei hiyo. Je, wamerukwa na akili? La hasha! Wao wanajua kusoma. Sisi tunajua kupima tu.

Kusoma huko si uganga. Anayeanza na aishike sarafu kwa ukingo, aitazame kwa kioo cha kukuzia. Kwanza aulize kama ni ya kweli, maana za bandia zipo: uzito ukipotoka, au herufi zikiwa butu, na atie shaka. Pili, atazame sehemu zilizoinuka, kama kichwa cha tembo na kifua cha tai, kwani huko ndiko uchakavu huanzia. Tatu, atafute ukingoni kovu la kitanzi kilichochomelewa ili sarafu ivaliwe kidani. Kovu hilo huishusha thamani sana. Nne, atazame pambo la upande wa tai: mwisho wake wa kulia huwa chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, au chini ya A inayofuata. Hizo ni aina mbili mbalimbali. Kisha ndipo aipe daraja. Wakusanyaji wengi hutumia ngazi za 1 hadi 70, zilizotokana na kipimo alichokitoa Mmarekani William Sheldon mwaka 1949.

Na ole wake aisuguaye kwa majivu na ndimu ili ing'are! Mng'aro huo ni wa kitu kilichochunwa ngozi, na mjuzi huutambua mara moja. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Yuko na mpinzani mwingine, mzalendo wa haraka, asemaye: "Tai yule ni wa mkoloni, na iyeyushwe!" Namuuliza: ni nani walioingia mashimoni Sekenke? Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ilitandikwa kwa mikono ya nani? Sarafu hiyo ni hati ya mashtaka. Kuiyeyusha ni kumfutia mkoloni deni lake.

Walimu, msingoje dhahabu ndipo mfundishe. Neno letu "hela" lenyewe limetokana na heller, sarafu ndogo ya Wajerumani hao hao. Chukueni sarafu yoyote kuukuu, muwafundishe vijana kuihoji: imepigwa wapi, na nani, kwa jasho la nani? Kijana ajuaye kuisoma, hata akiamua kuiuza, atajua anauza nini. Asiyejua atapokea bei ya hereni, na historia yake ataikuta katika kabati la mgeni.